Kizingiti cha Kimya

Mjomba Bidzina ni fundi wa piano mjini Kutaisi,
juu ya duka la dawa, chumba cha pili mkono wa kushoto.
Wateja wake wamezeeka. Wengine wamehamia Tbilisi,
piano wameziuza kwa bei ya mbao.
"Tamta, nitengenezee zile video fupi," alisema,
"zile za kidole gumba."

Basi sikiliza, Lado, maana kesho utanisaidia.

Usianze na salamu.
Salamu ni za mlangoni, na humu hamna mlango,
kuna kidole gumba tu, kina haraka kuliko mwenye njaa.
Anza waya ukikatika. Tang'! Halafu uso wa mjomba.
Jina lake litafuata, wakishataka kulijua.

Maneno yaandike, kisha yasome kwa sauti ukiwa umesimama.
Pumzi inapokuishia, hapo sentensi ni ndefu.
Akili mnemba niliiomba mianzo kumi:
tisa ilinukia manukato ya bei rahisi,
wa kumi ulikuwa na neno moja zuri, "kutu".
Nilichukua kutu, nikafunga dirisha.
Itumie kama ungo. Pepeta, mwaga, pepeta tena.

Manukuu yapandishe juu kidogo ya kati,
huko chini kuna vitufe, vitayala.
Maneno matatu kwa mkupuo.
Na usiiamini mashine kwa Kigeorgia cha mjomba:
alisema "waya wa shaba", ikaandika "mbwa wa shaba",
watu mia nne wakauliza mbwa yuko wapi.

Picha za kuundwa nilizijaribu siku moja.
Niliomba mikono ya fundi juu ya vibonye,
nikapewa vidole sita, laini, havijawahi kushika spana.
Mjomba akauweka mkono wake kando ya kioo,
kovu, ukucha mweusi,
akahesabu kimoyomoyo, akaenda kuchemsha maji.
Tangu hapo mikono naipiga mwenyewe,
dirisha likiwa kushoto, taa ya dari imezimwa.

Sasa msimbo. Mistari ishirini na miwili.
Unapita juu ya sauti ukitafuta kimya,
kila kilicho chini ya kizingiti unakifyeka,
unaunga vipande, unaipa faili tarehe na namba.
(Usiite faili yoyote "ya mwisho".
Ninazo kumi na moja za mwisho.)
Dakika tisa zikawa sekunde arobaini
kabla chai haijapoa. Nilijiona mjanja.

Nikamwonyesha.
Akatazama, akaomba tena.
"Huyu mtu," akasema, "mbona hasikilizi?"

Nikarudi kwenye mawimbi ya sauti.
Kweli. Anapiga La, kisha anainamisha kichwa,
na ile La inafifia, inafifia,
na ndani ya kufifia kwake nyaya mbili zinabishana,
waa, waa, waaa, kila mara polepole zaidi,
mpaka zinapatana.
Huko ndiko kazi ilipo,
na huko ndiko panga langu lilikopita.
Nilikuwa nimemkata masikio.

Nilishusha kizingiti. Hakikutosha.
Niliongeza mstari wa ishirini na tatu:
palipo na alama, usiguse.
Alama nikaziweka kwa mkono, kumi na nne,
kila anapoinama, nikiinama naye,
hadi shingo ikauma.

Video ina sekunde sita zisizo na neno.
Wengi wanatoka hapo. Grafu haifichi,
inateremka kama barabara yetu ishukayo mto Rioni.
Wanaobaki huongeza sauti ya simu.
Jana mmoja aliandika kutoka Zestaponi:
"Piano ya mama ina hiyo waa waa. Mnakuja lini?"

Tunakwenda kesho. Wewe beba taa na kamba ya umeme.
Tukifika, simu iache mfukoni kwanza.
Pale mlangoni
salamu zinaruhusiwa.